Kopo la Pili

Shuka la kitanda kikubwa hukunjwa na watu wawili, na mtu aliyekunja na mwenzake kwa miaka sita humjua kwa kitambaa tu. Kimya alikuwa amefika hapo. Akishika pembe zake mbili na kufumba macho, angeweza kukuambia kama Mama Mdogo amelala vizuri, kama ana kinyongo na msimamizi, au kama kuna neno anataka kulisema na bado analizungusha mdomoni. Yote hayo yalimjia kwa mvuto wa shuka.

Kwa hiyo ndiye aliyekuwa wa kwanza kujua.

Walifanya kazi katika chumba cha kufulia cha nyumba ya wageni yenye vyumba arobaini. Mashine mbili zilikaa chini, chini ya ulinzi wa mwanamume mmoja mnene ambaye wote walimwita Fundi. Kamba za kuanikia zilikuwa juu ya paa, vidato ishirini na sita kutoka kwenye mashine. Mama Mdogo alikuwa mkuu wa pasi na kukunja, Kimya akiwa msaidizi wake. Hilo jina la Kimya alipewa na Fundi wiki ya kwanza kazini, baada ya siku nne nzima za kutosikia sauti yake. "Mimi nilidhani mmeniletea picha," Fundi alisema, na jina likaganda.

Mama Mdogo hakuwa wa kuitwa tu kwa heshima. Alikuwa mdogo wa mama yake Kimya, tumbo moja, ziwa moja. Mama alipofariki, Kimya akiwa na miaka mitano, ndiye aliyekuja na begi moja begani akasema, "Vaa viatu, tunaenda kwangu." Tangu siku hiyo walilala chumba kimoja, wakala sahani moja, na Kimya alipomaliza darasa la saba na mambo yakaishia hapo, wakaingia kazi moja.

Dada hao wawili, Mama Mdogo na marehemu, walikuwa wameambukizwa virusi vya UKIMWI, kila mmoja kwa njia yake, na walianza dawa mwaka mmoja. Dada mkubwa dawa zilimkataa. Mdogo zilimkubali. Mwaka huu ulikuwa wa kumi na tisa.

Virusi aliviita Mpangaji. "Mpangaji wangu amelala," alikuwa akisema kila anaporudi kliniki na majibu kwamba virusi havionekani kwenye damu. "Hapigi muziki, hagombani na majirani, sijui hata kama bado yumo." Siku za kliniki alisimama mbele ya wagonjwa wapya, mikono kiunoni, akawaambia, "Mnaniona nilivyo? Kidonge kimoja, saa moja asubuhi, miaka kumi na tisa. Sijaruka hata siku moja." Wauguzi walimwita Mwalimu. Waliokuwa wamekuja wakilia walirudi kwao wakiwa wamenyooka kidogo.

Basi, jambo lenyewe lilianza kwenye pembe ya kushoto. Walikuwa juu ya paa, jua limepanda, wanalinyoosha shuka kabla ya kulikunja. Unavuta pembe, mwenzako anavuta ya kwake, makunyanzi yanakimbia. Mvuto wa Mama Mdogo siku zote ulikuwa mkali, wa kukuamsha. Siku hiyo ulikuja wa kulia wenye nguvu, na wa kushoto ukaja nyuma yake, mlegevu, kama mtu aliyeitwa akasita kwanza mlangoni.

Kimya alihesabu siku. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu Mama Mdogo alisimama katikati ya ngazi, akajifanya anatazama ukutani, na ukutani hapakuwa na kitu. Akaanza kusugua kifua kwa kiganja, taratibu, kama anayefuta doa.

"Gesi," alisema alipoona anatazamwa. "Yale maharage."

Wiki moja hawakula maharage, na gesi ikabaki palepale.

Kimya akaanza kuamka mapema kidogo. Aliyapandisha mabeseni ya mashuka mabichi peke yake kabla Mama Mdogo hajafika kwenye ngazi. Alifanya hivyo siku tatu, ya nne akakamatwa.

"We mtoto, umeniona nimekuwa bibi?"

"Hapana, Mama Mdogo."

"Basi acha beseni langu."

Aliling'oa mikononi mwake, akapanda nalo. Kidato cha kumi na moja akatua. Fundi, aliyekuwa anakula karanga kando ya mashine, akainua shingo.

"Mama, siku hizi ukipanda unahema kama mashine yangu namba mbili."

"Na hiyo mashine inafua vizuri kuliko wewe unavyooga," alijibu Mama Mdogo kutoka juu. Lakini alilijibu hilo kwa vipande viwili, akipumzika katikati, na Fundi akaacha kutafuna.

Sasa kulikuwa na kopo. Kila asubuhi saa moja, Mama Mdogo alilitikisa kopo lake la dawa kabla ya kulifungua. Ilikuwa tabia tu. Kimya amekua akiamshwa na mlio ule, na aliujua kama wengine wanavyojua kengele ya shule. Kopo likiwa jipya linanong'ona. Likifika nusu linaongea. Wiki ya mwisho vidonge hukimbizana ndani kama watoto kwenye chumba kitupu.

Asubuhi moja vilikimbizana, na wiki ya mwisho ilikuwa bado.

Mama Mdogo alipoingia kuoga, Kimya alilifungua kopo akavimimina vidonge kiganjani. Tisa. Akafungua sanduku la nguo kutafuta kadi ya kliniki, aone tarehe ya kurudi. Zilikuwa zimebaki siku kumi na saba. Akahesabu tena, kwa midomo, kama alivyofundishwa darasa la pili. Tisa ni tisa. Vidonge vinane vilikuwa vimekwenda mahali.

Mtu anayeruka dawa hubakiwa na vingi. Mtu anayebakiwa na vichache ni yule anayekula zaidi.

Alipotaka kuirudisha kadi ndipo akaviona vitu vingine chini yake, vimefungwa ndani ya foronya kuukuu. Makopo mawili madogo, vifuniko havijakatwa. Mtu wa dirisha la dawa alikuwa ameandika kwa kalamu ya wino. Moja: presha, kimoja kila siku. La pili: mafuta ya damu, kimoja kila siku. Tarehe ilikuwa ya miezi miwili nyuma, siku ile ambayo Mama Mdogo alirudi kliniki, akaulizwa hali ya Mpangaji, akajibu "amelala" bila kutabasamu.

Kimya alivifunga vyote kama alivyovikuta. Maji ya kuoga yalikuwa bado yanamwagika. Alikaa kitandani, mikono kwenye mapaja. Kulikuwa na mtu mmoja tu duniani ambaye, akichelewa kurudi, Kimya angetoka barabarani kumsubiri. Mtu huyo alikuwa anazimika mbele ya macho yake, na dawa alikuwa nayo sandukuni.

Wengine wangemvamia palepale mlangoni, na sabuni bado masikioni. Kimya hakuwa mtu wa kurukia mambo. Alijua akimuuliza nyumbani, Mama Mdogo atakumbuka sufuria jikoni. Akimuuliza njiani, atamwona mtu wa kusalimiana naye upande wa pili. Akafikiri mpaka wakafika kazini, na kufikia saa nne akawa amepata mahali.

Mtu aliyeshika pembe mbili za shuka safi hawezi kuondoka bila kuliangusha. Na Mama Mdogo asingeangusha shuka safi hata nyumba ingeshika moto.

Walilinyoosha la kwanza. Wakati wa kusogeleana ulipofika, Kimya alibaki alipo.

"Njoo," alisema Mama Mdogo.

"Nimehesabu vidonge."

Shuka lilitulia. Upepo ulilijaza kidogo katikati, likashuka.

"Vidonge gani?"

"Vya kopo lako. Vimebaki tisa na siku ni kumi na saba. Na yale makopo mengine nimeyaona. Sikuwa nachokonoa, nilikuwa natafuta kadi."

Mama Mdogo alitazama pembe zake, ya kulia, kisha ya kushoto, kama anayetafuta pa kuziweka. "Wewe kweli unafaa kuitwa Kimya," alisema. "Mtu wa kimya ndiye anayekupekua."

"Kwa nini hukuyala?"

"Kunja shuka, mwanangu."

"Nitakunja ukinijibu."

Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yao kwa Kimya kumwekea sharti. Mama Mdogo alilisikia hilo pia. Alishusha mabega.

"Mama yako alikufa vipi, unajua?"

"Alizidiwa."

"Alizidiwa, ndiyo. Lakini kabla ya hapo aliongezewa." Alilitamka neno hilo kwa sauti ndogo, kama watu wa miaka ile walivyolitamka. "Wewe hujui kile kibenchi cha zamani cha kliniki. Tulikuwa tunakaa pale tunatazamana mifuko. Ukitoka dirishani na kopo moja, uko salama. Ukitoka na la pili, basi dawa ya kwanza imeshindwa, umebadilishiwa, na kila mtu pale kibenchini anajua. Na wanasema uliruka dawa. Uliruka au hukuruka, wanasema. Dada alitoka na makopo mawili siku ya Jumanne. Aliyaficha ndani ya nguo. Hatukumaliza miezi mitatu."

Kimya alikuwa hajawahi kusikia kuhusu Jumanne hiyo.

"Sasa mimi," Mama Mdogo akaendelea, "miaka kumi na tisa nasimama mbele ya watu na kopo langu moja. Naenda pale, wananipima presha, wananitoa damu, wananiita. Sista ananipa mfuko anasema, 'Mwalimu, tumekuongezea.' Hivyo tu. Nyuma yangu watu sitini. Ulitaka niulize nini? Nilikuwa nimeshajua maana yake."

"Na hivi vinane?"

"Kifua kilipoanza kubana nilijua Mpangaji anaamka. Nikawa namwongezea usingizi. Siku kikibana sana, kimoja asubuhi, kimoja mchana." Akajaribu kucheka. "Dawa imenitunza miaka yote, ndiyo ninayoiamini. Hao wageni siwajui."

Pembe yake ya kushoto ilianza kutetemeka. Kimya aliiona kwenye kitambaa kabla hajaiona mkononi, kiwimbi kidogo kinachokimbia kuja kwake. Akamwendea haraka, akazipokea pembe zote nne, akalitupa shuka begani. Akaligeuza beseni, akamkalisha. Uso wa Mama Mdogo ulikuwa na jasho ambalo halikuwa la jua. Alikuwa ameshika taya, na mkono mwingine uko kifuani.

Walikaa hivyo. Dakika mbili, labda tano. Kimya alichuchumaa mbele yake akimpepea kwa foronya.

"Nimeshazika mama mmoja. Wewe ndiye wa pili. Wa tatu sina, Mama Mdogo. Hata nikitafuta wapi, sina."

Alisema hayo kwa sauti ya kawaida, kama anayetaja idadi ya mashuka. Mama Mdogo alinyoosha kidole gumba akamfuta chini ya jicho, ingawa Kimya hakujua kama kulikuwa na kitu cha kufuta.

"Kimeachia," alisema. "Twende basi. Lakini wewe ndiye utakayesema. Mimi naona aibu."

Fundi alipoambiwa wanakwenda kliniki hakuuliza ya nini. Alifuta mikono, akaichukua pasi. "Nendeni. Leo wageni watalalia makunyanzi. Mgongo wa mtu haujui kunyooshewa shuka." Kisha akatoka mwenyewe hadi barabarani kusimamisha gari, akamwambia dereva apite polepole kwenye mashimo, na akarudia mara mbili.

Kliniki, walipitishwa mbele baada ya Kimya kusema kifua, taya na jasho. Mama Mdogo alilazwa kwenye kitanda chembamba, akabandikwa nyaya kifuani na miguuni, na karatasi ndefu ikatoka kwenye mashine ikiwa na vilima vidogovidogo. Daktari aliisoma akasema moyo haujaumia bado, ila mshipa mmoja unaoulisha umebana, na ndiyo maana unalia kila unapopewa kazi ya kupanda. Alimpa kidonge cha kuweka chini ya ulimi siku kikibana, akaandika barua ya kwenda kwa daktari wa moyo keshokutwa. Mabeseni marufuku. Ngazi, moja moja na mikono mitupu.

Halafu akaja Sista, yule yule wa miezi miwili iliyopita. Kimya ndiye aliyeeleza, kwa maneno machache, kuanzia vidonge tisa hadi lile neno. Mama Mdogo alitazama dirishani muda wote kama mwanafunzi aliyeletwa na mzazi.

Sista hakugomba. Alivuta kiti akakaa, na walipokuwa wamekaa sawa uso kwa uso akasema, "Nilisema 'tumekuongezea', kweli. Nilikuwa na foleni. Sikufikiria wewe ungesikia nini."

"Nilisikia nilichokisikia."

"Mwalimu, virusi vyako havionekani. Hata vipimo vya mwisho. Dawa yako ya kwanza haijashindwa." Alisubiri hilo lizame. "Ila mwili wako haujui kama Mpangaji amelala kweli. Umeweka walinzi mlangoni miaka kumi na tisa, wanawasha moto, hawalali. Ule moshi unachakaza mishipa. Mafuta yanapata pa kunasa, na presha inasukuma. Ndiyo maana watu wanaoishi na virusi moyo huwasumbua kuliko wengine, hata wanaokula dawa vizuri kama wewe. Zamani hatukuliona hili sana kwa sababu watu hawakufika huku. Nyie mmefika. Kwa hiyo sasa tunapima."

"Na kula mara mbili?"

"Hakumlazi zaidi. Kunaumiza figo bure. Niapie hutarudia."

"Nakuapia."

"Na haya makopo si ya aliyeshindwa dawa. Ni ya mtu aliyeishi mpaka moyo wake ukachoka na kazi. Mama yangu mzazi anayatumia, naye hana virusi."

Hilo la mwisho ndilo lililomgusa Mama Mdogo. Kimya aliliona likiingia. "Mama yako naye?" aliuliza.

"Miaka minne. Na analalamika kila siku."

Dirisha la dawa liliwapa kopo la presha, la mafuta, na kikopo kidogo cha chini ya ulimi, na jipya la dawa yake ya zamani la kufidia vidonge vilivyopungua, yote ndani ya mfuko mweupe wa plastiki unaoonyesha kila kilichomo. Kimya alifungua pochi yake, aufiche humo. Mama Mdogo aliuweka nusu, akasita, akauweka wote. Wakaanza kutoka.

Kwenye benchi la karibu na mlango alikaa mwanamke mmoja wa makamo, aliyeanza dawa mwaka jana. Alikuwa mmoja wa wale waliokuja wakilia wakaondoka wamenyooka. Aliuona ule mfuko ulipokuwa unaingizwa. Akainuka nusu.

"Mwalimu. Hata wewe?"

Hakusema kwa kejeli. Alisema kama mtu anayeona paa la jirani likiruka na kujiuliza habari za lake.

Mama Mdogo angeweza kupita. Kimya alikuwa tayari ameshika kiwiko chake wapite. Lakini mama wa watu alikuwa amemkodolea macho, na Mama Mdogo akageuka, akakaa kando yake, pumzi zikimfuata taratibu.

"Hata mimi nini?"

"Kuongezewa."

"Kimya, nipe mfuko." Aliupakata mapajani, akayatoa makopo moja moja mbele ya benchi zima. "Hii ndiyo ile yangu, haijabadilishwa. Mpangaji amelala fofofo. Hii ya presha. Hii ya mafuta. Hizi ni za moyo. Nilizificha miezi miwili sandukuni, nikawa naila ile nyingine mara mbili, najiona mjanja. Leo nusura nianguke juu ya paa."

Mwanamke yule aliangalia makopo. Akaangalia sakafu. 

"Zangu ziko kwenye debe la unga," alisema.

"Zipi?"

"Za presha. Nilipewa mwezi uliopita. Nilidhani..." Hakumaliza. Hapakuwa na haja, benchi zima lilikuwa linajua alichodhani. Mzee mmoja wa mwisho wa benchi alikohoa, akajishughulisha na kifungo cha shati lake.

"Zimeingia unga?" aliuliza Mama Mdogo.

"Nimezifunga kwa mfuko."

"Basi nenda ukazitoe. Kwanza ingia umwambie Sista, akupime upya. Atakaa chini leo, nimemkalisha mimi."

Mwanamke alicheka ghafla, cheko la pua, la mtu aliyekuwa karibu kulia. Akafungua begi akatoa chupa ya maji, akampa. Mama Mdogo alikata vifuniko viwili kwa ukucha, akaweka kidonge kimoja na kingine kiganjani, akavitazama kama wachumba walioletwa bila kuulizwa, akavimeza. Benchi zima lilitazama koo lake.

"Vikoje?" aliuliza mwenye maji.

"Havina ladha. Ndilo linalonitia wasiwasi."

Nje, barabara ilikuwa na mteremko mdogo kuelekea kituoni. Kimya alimshika mkono, si wa kulia uliokuwa karibu, bali alizunguka akaushika wa kushoto. Walitembea hatua za mtu aliyekatazwa haraka, watu wakiwapita kila upande.

"Unanishika kama mlevi," alisema Mama Mdogo.

"Nakushika tu."

Walipita duka la viatu, wakapita fundi saa. Mama Mdogo alisimama, akavuta pumzi, akaitoa yote.

"Basi shika vizuri," alisema, wakaendelea.